Feni haipumziki, betri inaishia asilimia 80: je, nichome programu mpya ya EC?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta Mtwara mjini, nina kibanda karibu na soko. Karani wa chama cha msingi ameniletea laptopu ya Lenovo, ThinkPad T430 ya mtumba. Feni inakimbia kwa nguvu zote tangu inapowashwa, hata kama mashine haina kazi, na betri ikifika asilimia 80 inagoma kuendelea. Nimebadili Windows. Nimesoma chipu zote mbili za BIOS, ile programu ya kuanzisha mashine, kwa CH341A, kifaa changu cha kusoma na kuandika chipu, na kuzichoma upya, yaani kuziandika upya. Bado vilevile. Mwenzangu anasema tatizo ni programu ya EC, ile chipu ndogo inayosimamia umeme, betri na feni, na kwamba siku hizi msimbo wake uko wazi, mtu unaijenga mwenyewe na kuichoma. Ninayo pia Chromebook moja, laptopu ya mfumo wa Google, iliyopasuka kioo. Je, niijenge EC ya hiyo ThinkPad? Nitaijaribuje kabla ya kumrudishia mteja, maana msimu wa korosho umekaribia na anaihitaji? Na nikikosea, mashine inakufa moja kwa moja?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja, na itabidi niyatenganishe. Kuna mashine ya karani, ambayo ina ugonjwa na ina mwenyewe anayeisubiri. Halafu kuna hamu yako ya kujenga programu dhibiti ya EC, yaani programu inayokaa ndani ya chipu hiyo na kuiendesha. Hamu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Huku kwetu Lindi na Mtwara tunahitaji vijana wanaoijua chipu hii kwa undani, tuache kupandisha kila mazabodi kwenye basi la Dar es Salaam. Lakini mashine ya karani usiijengee EC. Kwa dalili ulizoandika, naona EC yake huenda inafanya kazi sawasawa kabisa, ila inapewa taarifa za uongo, au inafuata agizo ambalo mtu aliipa zamani na kulisahau.

Tuanze na chipu yenyewe. EC ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya kompyuta. Kwenye mazabodi nyingi utaiona kama chipu ya mraba yenye miguu pande zote nne, mara nyingi si mbali na soketi ya kibodi, imeandikwa ITE, Nuvoton, ENE au Microchip. Mafundi wengi wanaiita IO. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na programu yake, na inapata umeme wake muda wote palipo na chaja au betri, hata laptopu ikiwa imezimwa. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakuigusi. Ukitaka ianze upya kweli, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi ili umeme uliobaki uishe. Hili lifanye kabla ya jambo lingine lolote, ni bure.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, prosesa kubwa haijui lolote. Anayesikia ni EC. Inafungua njia za umeme moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na kwa kila hatua inangoja ishara kwamba volti imetulia ndipo iende hatua inayofuata. Mwisho kabisa ndipo prosesa inaachiwa ianze. Ishara moja isipofika, EC inasimama palepale, na wewe unaona laptopu imekufa kumbe chipu inangoja. Hiyo hiyo ndiyo inayosoma kibodi, mfuniko na kuwasha taa ndogo za pembeni.

Kazi zake nzito zaidi ni betri na joto. Betri ina chipu yake ndani, nayo inaongea na EC kwa nyaya mbili, mmoja wa data na mwingine wa mapigo. EC inauliza volti ngapi, joto kiasi gani, imejaa kiasi gani. Halafu inaiagiza chipu ya chaji itoe volti kadhaa na ampia kadhaa. Betri ya kawaida ya T430 ina seli zilizopangwa tatu mfululizo, kwa hiyo kikomo chake cha kujaa ni volti 12.6, yaani 4.2 kwa kila seli. Kwenye joto, EC inasoma vihisi, inalinganisha na jedwali lililoandikwa ndani ya programu yake, kisha inaamua feni izunguke kwa kasi gani. Jedwali hilo huwa na nafasi kati ya joto la kuongeza kasi na joto la kupunguza, mathalani ongeza ikifika 55, usipunguze mpaka ishuke 50, ili feni isipande na kushuka kila sekunde.

Sasa turudi kwenye ulichokwisha kufanya. Kubadili Windows hakukusaidia kwa sababu EC haimo ndani ya Windows. Kuchoma upya zile chipu mbili, ya MB 8 na ya MB 4, nako hakukuigusa, kwa sababu kwenye T430 programu ya EC imekaa ndani ya chipu ya EC yenyewe, klipu ya CH341A yako haifiki huko. Kuna laptopu nyingine ambazo EC inasoma programu yake kutoka chipu moja na BIOS, na nyingine zina chipu ndogo ya pembeni kwa ajili ya EC peke yake. Kwa hiyo kabla hujashika klipu, jambo la kwanza kujua kuhusu mashine yoyote ni programu ya EC inakaa wapi. Ramani ya mazabodi itakuambia.

Na hapo nikuulize, zile nakala za mwanzo ulizosoma kwenye chipu umezihifadhi? Kama ulizichoma hizo hizo, sawa. Kama ulichoma faili la mtu mwingine ulilolipata kwenye kundi la mafundi, rudisha la kwake. Faili la BIOS limebeba namba ya mashine, anwani ya kadi ya mtandao na mambo mengine ya mashine husika. Ukimwekea la mwenzake umempa utambulisho wa kompyuta nyingine. Tena hiyo CH341A yako, kama ni ile nyeusi ya bei rahisi, ipime kwa mita kabla ya kazi inayofuata. Nyingi zinatoa volti 5 kwenye nyaya za data hata pale zinapodai ziko kwenye 3.3, na chipu za laptopu za siku hizi, ambazo baadhi zinataka volti 1.8 tu, hazivumilii hilo.

Haya, hiyo asilimia 80. ThinkPad zina mpangilio wa kuzuia betri isijae mpaka juu, ili idumu. Mwenye mashine anauweka mara moja kwa programu ya Lenovo, na agizo linahifadhiwa kwenye EC, siyo kwenye diski. Mashine za mtumba zinazotua kwetu nyingi zimetoka maofisini, zilikokuwa zimechomekwa kwenye chaja mwaka mzima, na mafundi wa kule walikuwa wanaweka kikomo hicho kwa makusudi. Unafuta Windows, unaweka mpya, agizo liko palepale. Washa mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, fungua faili /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold na uone namba iliyomo. Ukikuta 80, umemaliza. Andika 100 ukiwa na mamlaka ya msimamizi, au tumia programu ya Lenovo ndani ya Windows. Ila mweleze karani faida yake: kama mashine inakaa mezani kwenye umeme kutwa nzima, 80 inamfaa zaidi. Abadilishe siku anayokwenda kijijini kwenye mnada.

Mwenzako huenda amesikia pia kwamba EC ya T430 inakataa betri zisizo za Lenovo. Ni kweli, inakagua, lakini betri iliyokataliwa haichaji kabisa na mashine inatoa ujumbe inapowaka. Yako inachaji mpaka 80 halafu inatulia, kwa hiyo huo siyo ugonjwa wake. Ukikuta namba kwenye faili ni 100 na bado inaishia 80, hapo shuku betri yenyewe: seli zimepishana, moja inawahi kujaa na chipu ya ndani inafunga mlango.

Feni sasa, na hapa ndipo napenda utulie. Programu ya EC iliyoandikwa vizuri ina kanuni moja: ukishindwa kujua joto, chukulia kwamba ni joto kali. Kihisi kikikatika au kikisoma ovyo, feni inapandishwa juu. Kwa hiyo feni inayokimbia bila sababu mara nyingi ni EC inayomlinda mwenye mashine dhidi ya kitu isichokiona. Kwenye hiyo hiyo Linux soma /proc/acpi/ibm/thermal na /proc/acpi/ibm/fan. La kwanza litakupa safu ya namba za joto. Palipoandikwa -128 hakuna kihisi, usihangaike napo. La pili litakuonyesha mizunguko ya feni kwa dakika na hali iliyowekwa. Kama hali inasoma "auto" ujue EC ndiyo inayoamua. Ikisoma "disengaged" au "full-speed", kuna programu iliyoiamuru.

Zitazame namba kwa dakika kumi mashine ikiwa haina kazi. Zote zikiwa juu na zinapanda pamoja, joto ni la kweli: fungua, toa vumbi kwenye mapezi ya shaba, badilisha pesti iliyokauka. Namba moja ikiwa imeganda kwenye 90 huku wenzake wako 45, hapo umekamata mwongo. Mahali ulipo, ningeanza kumtafuta kwenye chumvi. Upepo wa bahari wa Mtwara unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu wenye chumvi unapitisha umeme. Vihisi vingi vya mazabodi ni vinzani ambavyo ukinzani wake unashuka joto likipanda. Cha kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25 kitasoma kama kilo-omu 8 hivi juu ya meza yako mchana. Utando wa chumvi ukiunganisha miguu yake miwili, umeme unapata njia ya pembeni, ukinzani unaonekana mdogo, na EC inasadiki kwamba kuna moto. Chukua lenzi, tafuta ukungu mweupe au kutu ya kijani kuzunguka vihisi na soketi. Safisha kwa alkoholi safi ya asilimia 99 na mswaki laini, siyo spiriti ya dukani yenye maji ndani. Kausha vizuri, pima tena. Weka kidole juu ya kihisi ukiwa na mita mkononi. Ukinzani ushuke taratibu na urudi taratibu.

Tahadhari moja hapo: baadhi ya mazabodi zinapima joto kwa chipu ndogo inayotuma namba kwa nyaya za data, si kwa kinzani. Ramani itakuonyesha. Na ikiwa mashine inawaka na kuandika "Fan error" kisha inajizima, hiyo ni kesi nyingine, ni waya wa feni unaorudisha taarifa ya mizunguko.

Nimekaa sana kwenye mashine ya karani kwa sababu ndiyo yenye mwenyewe. Tuje kwenye kujenga.

Mwenzako amesema msimbo uko wazi. Ni kweli kwa baadhi. Google waliuweka wazi msimbo wa EC wa Chromebook, unaitwa Chromium EC. Framework, kampuni nyingine ya laptopu, wakajenga EC ya laptopu zao juu ya huo huo na kuutoa hadharani mwaka 2022. System76 wa Marekani wana wa kwao, ulioandikwa kwa chipu za ITE zenye prosesa ya aina ya 8051, muundo uliotoka Intel mwaka 1980 na bado unafanya kazi. T430 haimo. Kwa T430 kuna mradi unaoitwa thinkpad-ec, lakini hauijengi programu kutoka mwanzo: unachukua faili la Lenovo lenyewe, unabadili baiti chache ili mashine ikubali kibodi za ThinkPad za kizazi kilichotangulia au betri isiyo ya Lenovo, kisha unalifunga upya. Ni kazi nzuri ya watu makini, ila haina lolote la kufanya na feni yako, na BIOS za karibuni zaidi zinaikataa. Usiiguse kwa mteja huyu.

Hazina yako ni ile Chromebook iliyopasuka kioo. Iunganishe na skrini ya nje, na kama ilikuwa ya shule au ya taasisi na bado inadai kuingia kwa akaunti yao, wasiliana na wenyewe kwanza. Usitafute mbinu za kuwapita. Ikiwa ni yako huru, tafuta jina lake la ndani, lile jina la mradi ambalo Google huipa kila bodi, kwa sababu msimbo unajengwa kwa jina hilo. Bodi za zamani hazimo tena kwenye tawi kuu, yaani toleo kuu, la msimbo. Zimebaki kwenye tawi lao la siku ile, na lazima ujengee humo. Shusha hifadhi ya msimbo (repository) ya EC peke yake. Ukishusha mti mzima wa ChromiumOS utamaliza bando la mwezi, na hauhitaji.

Kwenye Linux weka kompaila ya ARM, programu inayogeuza msimbo kuwa faili la chipu, kama EC ya bodi yako ina prosesa ya aina hiyo, kisha "make BOARD=" na jina la bodi. Likifaulu, utapata faili ec.bin ndani ya folda ya build. Jenga kwanza bila kubadili hata herufi. Mafundi wengi vijana wanaruka hapa, wanabadili mambo matano kwa mara moja, likitokea la kutokea hawajui ni lipi. Ukishaweza kujenga iliyo safi na kuiona inafanya kazi, badili kitu kimoja kidogo, kwa mfano joto la kuanzia feni, ujenge tena.

Majaribio ya kwanza yafanyike bila kugusa laptopu. Chromium EC ina majaribio yanayojengwa kama programu ya kawaida ya kompyuta yako ya mezani, ambamo betri, vihisi na chaja ni vya kuigiza; kwenye matawi mengi unayaendesha kwa "make runhosttests". Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiambia betri ya kuigiza iseme uongo wowote unaoutaka bila kuunguza kitu. Iambie ina joto la nyuzi 60: je, chaji imekatwa? Kwa kawaida seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 wala juu ya 45, na sisi tunaokaa kwenye jua hili 45 hatuko mbali nayo. Laptopu iliyofungwa kwenye begi nyuma ya bodaboda kutoka Tandahimba inafika hapo. Iambie betri imechomolewa katikati ya chaji. Iambie haijibu kabisa. Iambie ina volti za ajabu.

Nikuonyeshe kosa moja kwa karibu, kwa sababu linajirudia kila mahali. Kazi ya kusoma kihisi kwenye msimbo inarudisha vitu viwili: joto lenyewe, na taarifa kama usomaji ulifaulu. Anayeanza analichukua joto na kuitupa taarifa. Siku kihisi kinapokatika, usomaji unashindwa, lakini kile kisanduku cha joto bado kina namba ya mwisho, tuseme 48. Programu inaendelea kusoma 48 milele. Feni inazunguka polepole, prosesa inapikika, na kwenye skrini kila kitu kinaonekana salama. Majaribio yanayoleta namba nzuri tu hayatalikamata kosa hilo hata uyarudie mwaka mzima. Jaribio linalolikamata ni lile linalomlazimisha kihisi ashindwe, halafu linauliza: feni imepanda? Andika hilo kwanza, kabla ya jaribio la feni katika hali ya kawaida. Kweli, prosesa ina ulinzi wake yenyewe na itajizima ikizidi sana, lakini usijenge kitu ukitegemea ulinzi wa mwisho.

Yakipita hayo, ndipo uende kwenye mashine. Chromebook imegawa programu ya EC sehemu mbili. Kuna sehemu ya RO, iliyofungwa isiandikwe, na sehemu ya RW inayoweza kuboreshwa. EC inaanzia kwenye RO, kisha inahamia RW. Wewe andika RW peke yake, uiache RO kama ilivyotoka kiwandani. RW yako ikiwa mbovu, RO bado ipo na una mahali pa kurudi. Kwenye modeli za zamani kinachofunga RO ni skrubu moja kwenye bodi; kwenye modeli za baadaye ni betri yenyewe kuwa imechomekwa. Kwa hiyo ukichomoa betri ya modeli hizo ili kufanya majaribio, ujue umefungua na ulinzi. Usiandike chochote wakati huo.

Kabla ya kuandika, soma iliyopo: "flashrom -p ec -r" na jina la faili. Isome mara mbili, zilinganishe kwa sha256sum, amri inayoonyesha kama mafaili mawili yanafanana kabisa, na nakala moja uiweke nje ya mashine hiyo. Zisipofanana usiendelee. Betri iwe zaidi ya nusu na chaja imechomekwa. Umeme wetu unajulikana, na ukikatika katikati ya kuandika huku betri haipo, utakuwa umejifunza kwa gharama.

Kuna jambo litakalokuchanganya usipolijua. Utaandika RW yako, itafanya kazi, utawasha upya, na utakuta ya zamani imerudi. Hujakosea. Chromebook ikiwaka, BIOS inalinganisha RW iliyo kwenye EC na nakala aliyonayo, ikikuta tofauti inaiandika upya. Kuna bendera, yaani mpangilio mdogo, ya kuzima ulinganishaji huo kwenye mashine ya majaribio. Soma maelezo yake kwa utulivu, na siku ukimaliza majaribio uirudishe.

Mezani, tumia "ectool", programu ya kuongea na EC. Amri za "temps all", "battery", "pwmgetfanrpm" na "console" zitakuonyesha EC inavyoona dunia. Mkononi uwe na mita na kipimo cha USB-C kinachoonyesha volti na ampia. Kwenye Chromebook nyingi EC ndiyo inayokubaliana na chaja itoe volti ngapi. Kipimo kikibaki kwenye 5 badala ya kupanda, EC yako haijaongea na chaja. Volti ya betri inayosemwa na "ectool" ilinganishe na ya mita. Mara ya kwanza unapoiruhusu ichaji, kaa nayo, juu ya meza isiyoshika moto, mpaka ijae na iache kuchaji yenyewe. Usilale.

Halafu itese. Chomoa na chomeka chaja mara nyingi, haraka na polepole. Funga na fungua mfuniko. Ilaze na kuiamsha. Chomoa chaja ikiwa na kazi nzito. Iache ikauke betri kabisa, kisha uone kama inafufuka kwenye chaja. Hapo programu nyingi zilizobadilishwa ndipo zinapoaibika. Zima swichi ya ukutani na kuiwasha kama TANESCO inavyokatika na kurudi. Ikijiwasha upya yenyewe, "ectool panicinfo" itakuambia ilianguka wapi.

Na ikifa? Haifi moja kwa moja, lakini bei ya kuifufua inategemea ulivyojipanga kabla. RW ikiharibika na RO ikiwa nzima, unaandika tena. RO ikiharibika, unahitaji njia ya nje: kebo maalumu ya uchunguzi au kuunganisha nyaya kwenye bodi. Kwa laptopu za System76 wanatumia Arduino Mega 2560 iliyounganishwa kwenye soketi ya kibodi, na chipu ya ENE KB9012 nayo inafikika kwa kupitia miguu ya kibodi. Kwa mashine zenye programu iliyofungwa na kampuni, mara nyingi kinachobaki ni kubadili chipu kwa nyingine iliyokwisha kuandikwa, kazi ya hewa ya moto na mkono uliozoea. Kanuni yangu ni kwamba njia ya kurudi uwe umeijaribu, siyo umeisoma tu, kabla hujaandika baiti moja.

Kuna mahali pa kusimama na kutafuta mtu ana kwa ana. Betri iliyovimba, inayonuka, au inayopata moto wakati haichaji, usiijaribu na programu yoyote. Itoe nje ya kibanda, usiitoboe, usiifunge kwenye begi. Ukipima na kukuta EC haipati volti zake 3.3, au chipu ya chaji inaunguza kidole mashine ikiwa imezimwa, hilo ni tatizo la bodi. Mpelekee fundi mwenye osiloskopu na ramani, au mwalimu wa elektroniki wa chuo cha ufundi kilicho karibu nawe. Na kabla ya kufungua tena ile T430, nakili mafaili ya karani kwenye diski ya nje mbele yake. Humo mna majina ya wakulima na kilo zao, na ghala halitamngoja. Ukishasoma ile safu ya joto na ile namba ya kikomo cha chaji, niandikie zilivyo, bila kuzizungusha, tuendelee kutoka hapo.